Nilimpenda Wewach, ila sikumpeleka chanjo

Siku tuliyomzika Wewach, jamaa mmoja wa boda alisimamisha pikipiki nje ya ua, akanitazama nikichimba shimo chini ya mwembe, akauliza ni nani ametuacha. Nikamwambia ni mbwa. Alicheka kwanza. Kisha akaona vile macho yangu yamevimba, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini bro, si ni mbwa tu?" Akawasha pikipiki, akaenda zake kuelekea stejini.

Sijui kama ushawahi kulilia mbwa. Ukifiwa na mtu hapa Awasi, kila mmoja anajua la kufanya. Hema linakuja, viti vya kukodi vinakuja, kuna grupu ya WhatsApp ya mchango, kuna mama wa chai na kuna mzee wa kutoa hotuba ndefu. Ukifiwa na mbwa hakuna kamati. Unachimba shimo peke yako, unaosha mikono, na jioni watu wanataka uende kutazama mpira nao kama kawaida.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanamume, Mjaluo wa Kano. Hao watu watatu ukiwachanganya, hawaruhusiwi kulilia mbwa. Lakini nililia, na wacha nikueleze kwa nini. Mwisho wa hii stori kuna kosa langu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mbwa mwenye jina la kupasha

Kama hujawahi kufika Awasi, ukitoka Kisumu kwa barabara ya kuenda Kericho unapita Ahero, ile ya mpunga, halafu unakuja kwetu. Ni soko la kando ya lami. Matatu zinasimama, kina mama wanakimbilia madirisha na ndizi na nyanya, trela za miwa zinapita zikidondosha miwa na watoto wanaziandama. Boma la nyanya yangu liko ndani kidogo, ule upande wa udongo mweusi unaoshika gambuti kama deni la Fuliza.

Dani, hivyo ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, alipewa Wewach akiwa mdogo wa kutoshea kwenye karai. "We wach" kwa Kijaluo ni kama kusema "achana na maneno". Wakati huo kulikuwa na majirani waliokuwa wakimsema kuhusu mpaka wa shamba. Dani si mtu wa kugombana. Alichofanya ni kumpa mbwa hilo jina, kisha kila jioni anasimama mlangoni na kuita kwa sauti ya kufika mpaka ng'ambo ya ua: "Wewach! Wewach!" Yaani, achaneni na maneno. Ujumbe ulifika. Mbwa naye akapata jina.

Mimi nilimkuta tayari ni mkubwa. Nilikuwa Nairobi chuoni, mwaka wa pili, karo ikakwama. Mwanzo nilisema nitakaa nje muhula mmoja. Muhula ukawa mwaka. Nikarudi Kisumu, nikakaa Manyatta kwa rafiki, nikaanza kuandika blogu na kupiga picha za harusi. Pesa ya kodi ikakataa kabisa, nikapanda matatu nikaja ocha kwa Dani na begi moja na laptopu isiyo na betri.

Kurudi nyumbani bila cheti ni kazi ngumu. Ukienda dukani kununua kredo, mtu anakuuliza, "Mnafunga lini huko chuo?" Kanisani wanakuombea "wale vijana wetu walio vyuoni" na wewe uko hapo kwenye benchi ya nyuma. Mjomba anapiga simu akitaka kujua utahitimu lini ili aanze kutafuta mbuzi. Hakuna mwenye nia mbaya, lakini kila swali linakutoa damu kidogo.

Wewach hakuniuliza kitu. Siku ya kwanza alinibwekea kama mwizi. Siku ya pili alininusa viatu. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa nyuma ya jikoni usiku, stima zimepotea, nikihesabu wenzangu wa darasa walioweka picha za joho Facebook, akaja akaweka kidevu chake juu ya mguu wangu. Akatulia hapo. Ni uzito mdogo sana, kichwa cha mbwa, lakini usiku ule ndicho kilichonishikilia nisifanye kitu cha kijinga.

Kuanzia hapo tukawa marafiki. Ila nisidanganye, mtu wake alikuwa Dani. Dani anauza nyanya sokoni. Kila asubuhi kabla kupambazuke vizuri, Wewach alimsindikiza mpaka karibu na lami, anasimama chini ya mti fulani, hapiti hapo. Alikuwa ameona magari yakiua mbwa wenzake. Akimwona amepanda, anarudi. Jioni anaenda kumngoja kwenye mti ule ule. Boda zinapita ishirini na hainui hata sikio. Ikija ile iliyombeba Dani, anaijua kwa mlio hata kabla haijatokea kwenye kona, anaruka. Dani hushuka akijifanya amekasirika: "Toka, unanichafulia leso." Halafu anatoa kwenye kikapu mfupa aliouomba kwa mtu wa butcheri, siri yao wawili.

Usiku baada ya ugali Dani alikwangua ukoko wa sufuria, akaumimina kwenye sahani ya bati iliyotoboka. Huo ulikuwa mshahara wake. Alikuwa na mshahara na alikuwa na zamu. Mlinzi wa benki hakai macho vile.

Kinachotokea mkitazamana

Nilipokuwa na bando nilianza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama ni mimi tu nimechizi ama kuna kitu cha kweli kati ya mbwa na mtu. Kiko.

Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walichapisha utafiti katika jarida la Science. Waliwaweka watu na mbwa wao chumbani kwa nusu saa na kupima mkojo wao kabla na baada. Walikuwa wanatafuta oksitosini, ile homoni inayopanda kwa mama anapomtazama mtoto wake mchanga. Wale mbwa na wenyewe waliotazamana sana machoni, homoni hiyo ilipanda kwa pande zote mbili, kwa mtu na kwa mbwa. Walipojaribu na mbwa mwitu waliolelewa na watu, haikuwa hivyo. Maanake ni kwamba katika maelfu ya miaka ya kuishi nasi, mbwa amejifunza kuingia kwa mlango ule ule anaopitia mtoto.

Huko Atlanta, Marekani, mwanasayansi Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory naye alifundisha mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, bila kufungwa na bila dawa ya usingizi. Wakawanusisha harufu mbalimbali: ya mtu wanayemjua, ya mgeni, ya mbwa mwingine, hata yao wenyewe. Ile sehemu ya ubongo inayosisimka kiumbe akitarajia kitu kizuri iliwaka zaidi kwa harufu ya mtu wao. Basi Wewach pale chini ya mti hakuwa anangoja mfupa peke yake.

Pengine umesikia kisa cha Hachiko. Ni mbwa wa Tokyo ambaye mwenyewe alikuwa profesa, Hidesaburo Ueno. Alikuwa akimpokea stesheni ya Shibuya kila jioni. Mei 1925 profesa alifia kazini, hakurudi. Hachiko aliendelea kwenda stesheni kumngoja mpaka alipokufa mwenyewe Machi 1935, karibu miaka kumi. Sanamu yake ilisimamishwa hapo 1934, yeye akiwa bado hai. Nilimsomea Dani kisa hicho. Akasema, "Huyo alikuwa na subira. Lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia?"

Cha zamani zaidi kiko Ujerumani. Mwaka wa 1914, mahali panapoitwa Oberkassel karibu na mji wa Bonn, wafanyakazi waliokuwa wakichimba mawe walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na ndani yake mifupa ya mbwa mdogo. Ni la miaka kama 14,000 iliyopita. Wataalamu walipochunguza meno ya yule mbwa tena baadaye, waligundua aliugua vibaya akiwa mchanga, ugonjwa ambao mbwa hawezi kupona peke yake kwa wiki zote hizo. Alikuwa hawindi, halindi, hana faida yoyote. Ila kuna mtu alimpa maji, akamsafisha, akamtunza. Miaka 14,000, hakuna ngano, hakuna ng'ombe, hakuna kijiji, na tayari kuna mtu amekesha na mbwa mgonjwa.

Hiyo ndiyo ilinipiga baadaye. Kupenda mbwa ni rahisi, kumtunza ndiyo kazi.

Sisi na mbwa wetu

Kiswahili chetu hakimtendei mbwa haki. Mtu akikuudhi ni umbwa. Maisha yakiwa magumu ni ya mbwa. Asiye na kwao ni mbwa koko. Hata methali ikimsifu inamsifu kwa kuogelea, mbwa hafi maji akiona ufuko. Ukisikia tu lugha utadhani tunawachukia.

Ndugu zetu Waislamu wana masharti yao kuhusu usafi na mate ya mbwa, na bado katika Kurani wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele mlangoni. Mimi nimelelewa kanisani na sisi pia hatuingizi mbwa ndani ya nyumba. Mbwa ni wa nje. Lakini chunga macho ya watu. Kuna mzee hapa kwetu ambaye ukimuuliza atakuambia mbwa ni kengele tu ya boma, hana maana nyingine. Mzee huyo huyo nimemwona akila samaki, anaacha kichwa kizima cha mbuta na nyama yake, anaangalia kushoto na kulia, anakidondosha chini ya kiti.

Tunawapenda kwa siri. Na kitu ukikipenda kwa siri, ni rahisi pia kukisahau kwa siri. Ng'ombe akikohoa tunamwita daktari wa mifugo. Kuku wakisinzia tunakimbia duka la dawa. Mbwa akiugua tunasema atapona. Mbwa hana bei sokoni, kwa hivyo hayuko kwenye bajeti.

Mbwa mgeni

Ilikuwa msimu wa mvua, ule wakati Nyando inapojaa na kila mtu katika uwanda wa Kano anaangalia mawingu. Mbwa mmoja asiyejulikana alipita kwenye boma letu mchana kweupe. Alikuwa anatembea kama mlevi, mdomo wazi, mate yananing'inia. Wewach alimkabili. Walipigana labda dakika moja. Yule mgeni akaondoka hivyo hivyo, bila kuangalia nyuma, na baadaye tukasikia vijana wa upande wa pili wamemuua kwa mawe.

Wewach alibaki na tundu kwenye sikio. Nilimwosha kwa maji ya chumvi. Tukamsifu. Dani alimwongezea ukoko. Nilimpiga picha na kuiweka Instagram, nikaandika "mwanajeshi wetu". Alipata likes nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti.

Sasa nisikilize vizuri. Mbwa mgeni, anayeyumba, mate yakimtoka, anayeshambulia mchana bila sababu. Mtoto wa darasa la nne angejua hicho ni kichaa cha mbwa. Mimi nilisoma mpaka chuo, hata kama sikumaliza. Nilijua. Ila kuna kujua na kuna kutaka kujua. Wewach hakuwa amechanjwa hata siku moja maishani mwake. Wakati mmoja gari la matangazo lilipita likisema chanjo ya mbwa iko sokoni. Nilikuwa nimelala. Nikasema wakati mwingine.

Wiki kama sita zikapita. Sikio likapona. Jioni moja Dani alishuka kwenye boda na hakukuwa na mtu chini ya mti.

Tulimkuta nyuma ya choo, amejikunyata, anakwepa mwanga. Tulidhani amekula sumu ya panya. Kesho yake sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kukwaruza. Anataka kunywa maji, anainamisha kichwa, hawezi kumeza, anakasirika na bakuli. Nilimfunga kwa kamba ya ng'ombe kwenye mwembe, na wakati nikimfunga mate yake yaliingia mkononi mwangu ambapo nilikuwa nimejikata na panga siku hiyo hiyo.

Kabla sijamaliza kufikiria hilo, mtoto wa jirani, wa miaka minane, ambaye Wewach alikuwa akimsindikiza shule, alikuja kumsalimia kama kawaida. Nilipiga kelele. Nilichelewa. Alimuuma mkononi, mara moja, haraka.

Dakika 15 za sabuni

Nitakupa hii sehemu moja kwa moja kwa sababu inaweza kuokoa mtu wako.

Kichaa cha mbwa ni virusi vinavyokaa kwenye mate. Vikiingia kwenye jeraha vinapanda polepole kupitia mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo kwa binadamu kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, mara nyingine wiki tu, mara nyingine hata mwaka. Huo ndio muda wako wa kupona. Dalili zikianza, kuogopa maji, kuweweseka, karibu kila mtu hufa, hospitali yoyote ile. Lakini ukitibiwa kabla ya dalili, unaishi.

Kitu cha kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka, osha jeraha dakika 15 kamili. Kipande cha kawaida cha sabuni ya kufulia kinatosha. Usiweke pilipili, usiweke majani, usiweke nywele za huyo mbwa. Kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.

Mama wa yule mtoto alimshika mkono chini ya mtungi na mimi nikamwagia maji. Tulihesabu dakika kwa simu yangu. Hakunisemesha. Kituo cha kwanza tulichokwenda hakikuwa na chanjo. Tukapanda matatu, tukafika pengine, ikapatikana. Zile stori za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Siku hizi unachomwa begani. Sisi wawili tulipewa ya kwanza siku hiyo, kisha tukarudi baada ya siku 3, 7, 14 na 28. Mtoto, kwa sababu ngozi ilikuwa imepasuka, alidungwa pia dawa nyingine ya kinga pale pale penye jeraha. Pesa niliyokuwa nimeweka ya kununua betri ya laptopu iliisha siku hiyo, nikauza na simu.

Hakuna aliyekufa. Nasema hivyo kwa sababu wengine hufa. Makadirio ya serikali yametaja watu kufikia 2,000 kwa mwaka nchini Kenya, na duniani Shirika la Afya Duniani linataja kama 59,000. Watoto ni sehemu kubwa yao, kwa sababu watoto ndio hucheza na mbwa. Na karibu kesi zote, 99 kwa 100, zinatoka kwa mbwa wa nyumbani kama Wewach.

Kinachouma ni kwamba dawa iko tangu Louis Pasteur alipomchanja mvulana Joseph Meister Julai 1885. Kenya ina mpango wa kumaliza ugonjwa huu kufikia 2030, ulioanza 2014, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuteuliwa. Hesabu yake ni nyepesi: ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka, virusi vinakosa pa kuruka. Kuua mbwa ovyo hakusaidii, kwa sababu wapya huja kuchukua nafasi na hao hawajachanjwa. Kinachohitajika ni mwenye mbwa kuamka mapema siku ya chanjo. Mimi nilikuwa nimelala.

Mara ya mwisho

Afisa wa mifugo alikuja siku iliyofuata. Alisimama mbali, akatazama dakika mbili tatu, akauliza kama alikuwa na kadi ya chanjo. Tukasema hapana. Hakutulaumu. Alivaa glavu na kutuambia turudi nyuma.

Wewach hakunijua. Nilimwita, akakodoa macho kama ananiangalia kupitia dirisha chafu. Dani akasogea mbele kidogo, nikamshika leso asizidi hapo. Aliita kama alivyoita jioni zote zile, kwa ile sauti ya kufika ng'ambo ya ua: "Wewach!"

Mkia ulitikisika. Mara moja tu. Afisa akafanya kazi yake.

Tulishauriwa kumzika kwenda chini sana, tusimguse kwa mikono mitupu, tuoshe mahali pale kwa dawa na tuchome ile kamba. Nikachimba. Hapo ndipo yule jamaa wa boda aliponiuliza kama si ni mbwa tu.

Baada ya wiki kadhaa, tukiwa kwenye benchi tukingoja sindano ya mwisho, yule mtoto aliniuliza kitu ambacho alikuwa amekibeba muda wote. "Kwani nilimkosea nini Wewach?"

Nilimwambia hakumkosea. Nikamwambia Wewach hakumuuma, ugonjwa ndio ulimuuma. Wewach alikuwa ameshaondoka kabla ya siku hiyo, akaacha mwili tu. Akafikiria. Akauliza, "Nani alimkosea?"

Mama yake alikuwa kando yetu. Nikasema, "Mimi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema kwa sauti. Mama hakusema sawa, hakusema pole. Alifungua mfuko, akatoa mandazi matatu, akagawa.

Cheti

Kuna njia ya kupenda ambayo ni ya kuonea raha tu. Kidevu juu ya mguu, picha ya Instagram, mkia ukikupokea. Hiyo nilikuwa nayo nyingi. Ile nyingine ya kuamka asubuhi, kutembea na mbwa kwenye kamba huku watu wakikucheka, kupanga laini na kurudi na karatasi, hiyo sikuwa nayo. Mbwa hajui tofauti. Yeye anakupenda kwa zote mbili. Anayelipia ile tofauti ni yeye, na wakati mwingine mtoto wa jirani.

Kama una mbwa, fanya haya mawili. Akifika miezi mitatu, mpeleke chanjo, kisha urudie kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo ya wadi yako ni lini kampeni inakuja. Nyingi huwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ndiyo tarehe aliyofariki Pasteur. Na akiumwa na mbwa usiyemjua, piga simu siku hiyo hiyo. Usimwoshe sikio na kumwita mwanajeshi.

Kampeni ilipokuja tena sokoni kwetu nilifika mapema. Nilijitolea kushika mbwa. Walikuja watoto wengi kuliko wazee, wakivuta mbwa kwa kamba za katani, kwa mikanda, kwa tai za shule. Kila mbwa alikuwa Simba au Bosco. Mzee wangu wa kichwa cha mbuta pia alikuja na wake, akaniambia kwa sauti kubwa kwamba amelazimishwa na mkewe. Nilimwona akimziba mbwa macho sindano ilipoingia.

Dani hakuacha kukwangua ukoko. Kwa miezi alimimina kwenye ile sahani ya bati, na asubuhi kuku wakaula. Sikumuuliza. Halafu juzi mtu wa butcheri alimwambia mbwa wake amezaa. Dani alikuja akaniketisha chini. "Nyakwara, mjukuu wangu, nataka mmoja. Lakini hatampita huyo mlango mpaka nione kadi."

Nilimweleza kwamba ni lazima afike miezi mitatu kwanza. Akasema basi akae kwa mamake miezi mitatu. Akakaa. Nilienda kumchukua nikampitisha moja kwa moja kwa daktari wa mifugo kabla hajaona boma. Sasa yuko hapa chini ya meza ananiguguna kamba za viatu ninapoandika. Jina bado. Dani anasema majirani siku hizi ni wazuri, hana la kuwaambia.

Kadi yake ya chanjo nimeiweka kwenye bahasha moja na cheti changu cha Form Four. Hapo nyumbani hakuna karatasi nyingine yenye muhuri.